Shangazi, huyu binti wa bondeni apande vipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Tanga. Naandika riwaya na nimekwama pabaya, kiasi kwamba hata daftari silifungui siku hizi.

Riwaya yenyewe ni ya nchi ya kubuni, isiyo kwenye ramani yoyote. Nimeiita Gumbwe. Mji wake umejengwa kwenye mlima mkavu. Kileleni wanakaa Wanamvua, koo saba ambazo watu wote wanaamini zina damu ya kuita mvua. Katikati ya mlima wanakaa Wafinyanzi, wenye matanuri na maduka. Chini bondeni, kwenye kisima, wapo Wachota. Kila alfajiri Wachota hupanda na ndoo kichwani kuwapelekea maji watu wa juu. Mchota haruhusiwi kuvaa nguo ya buluu. Hapiti lango kuu, anapita mlango wa nyuma. Akikutana na Mwanamvua njiani hutua ndoo na kugeukia ukutani mpaka mkubwa apite.

Shujaa wangu anaitwa Tatu, ni Mchota. Katika sura ya 12 bibi aliyemlea anamfichulia siri: Tatu aliokotwa akiwa mchanga, na kumbe ni mjukuu wa Mwanamvua Mkuu mwenyewe. Mwishoni anaita mvua, anavishwa joho la buluu, na anawasamehe wote waliomtesa.

Kuna kaka mmoja tunasomeana kazi zetu. Alipomaliza kusoma aliniambia, “Hapa hakuna Mchota aliyepanda. Mtoto wa mkubwa amerudi kwao, basi.” Nililia usiku ule. Rafiki mwingine anasema nisijisumbue, hadithi za kubuni hazidaiwi ukweli.

Shangazi, ngoja nikueleze kwa nini imeniuma. Mama yangu amefanya kazi za ndani kwa watu tangu nikiwa mdogo. Likizo nilikuwa nafuatana naye. Kwenye nyumba moja mama alikuwa na kikombe chake cha plastiki ambacho kilikaa peke yake dirishani jikoni, nje ya kabati, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Hata mama hakusema. Riwaya yangu ilianzia kwenye kikombe kile, ingawa humo ndani sijakitaja.

Basi naomba unisaidie. Tatu abaki Mchota? Akipanda, apande kwa njia gani ambayo msomaji ataiamini? Na je, nina haki ya kuandika mambo haya, wakati mama husema ya kazini kwake hayatoki nje?

Wako,
Mtunzi wa Bondeni, Tanga

---

Marahaba, mwanangu.

Huyo kaka amekuuma, lakini amekusomea vizuri. Hebu tazama Wanamvua wanaamini nini: kwamba kuita mvua kumo kwenye damu, na aliyezaliwa bondeni hana kitu. Halafu tazama sura yako ya 12 inasema nini. Inasema hilohilo. Tatu ameweza kwa sababu damu yake ni ya kileleni. Maana yake Wachota wengine wote, akiwemo yule bibi aliyembeba mgongoni na kumlea, wako pale panapowastahili. Uliingia kuwatetea watu wa bondeni ukatoka umewapa hoja watu wa juu. Najua hukukusudia. Mpango huu wa mtoto wa mfalme aliyepotea umesimuliwa mara nyingi mno, ukikaa kuandika unakujia wenyewe hata hujauita.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye kupanda, amua jambo moja ambalo riwaya yako nzima inalining'inia: kuita mvua ni jambo la kuzaliwa nalo, au ni elimu? Ukiliacha kwenye damu, nchi yako haina dhuluma, ina maumbile tu, na maumbile hayana wa kulaumiwa. Ukilifanya elimu, papo hapo mlango unatokea. Penye mlango pana bawabu, pana ufunguo, pana aliyezuiwa na aliyeingia kwa kificho. Hapo ndipo riwaya inaanza kuwa na joto.

Mimi ningelifanya elimu. Tuseme mvua inaitwa kwa wimbo mrefu, na wimbo huo Wanamvua huwafundisha watoto wao alfajiri, ndani ya ua, milango ikiwa imefungwa. Lakini alfajiri ndiyo saa ya maji. Tatu yumo uani anamimina ndoo kwenye mtungi, na hakuna anayeshusha sauti, kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa yupo. Tangu akiwa na miaka saba ameusikia wimbo kila siku. Anaujua wote, na hajui kwamba anaujua. Mama yako anaielewa hali hiyo kuliko mimi. Watu huzungumza madeni yao, ugomvi wao na siri za ndoa zao mbele ya mfanyakazi wa nyumbani kana kwamba chumba ni kitupu.

Kuhusu rafiki yako anayesema hadithi za kubuni hazidaiwi ukweli, usimfuate. Msomaji atakubali mvua iitwe kwa wimbo, atakubali hata mlima uongee. Atakachokataa ni watu wenye cheo kumpisha mtoto wa Mchota ghafla kwa sababu ana moyo mzuri. Tumeishi na watu, tunawajua.

Sasa tuje kwenye njia za kupanda. Historia ya kwetu na ya majirani imejaa njia, na kila moja ina masharti ambayo mtunzi akiyajua hakosi la kuandika.

Chukua Buganda. Kule Kabaka alifuata ukoo wa mama yake, wakati watu wengine wote walifuata wa baba. Matokeo yake hapakuwa na ukoo mmoja uliomiliki kiti cha enzi; koo mbalimbali ziliweza kuwa ukoo wa mfalme kwa kumwozesha binti. Familia zikapeleka mabinti ikulu, na zikapeleka wavulana wakawe watumishi wa Kabaka. Mvulana aliyepeleka ujumbe na kungoja mlangoni alikuwa karibu na sikio la mkubwa, na aliyependeza alipewa uchifu. Apolo Kaggwa alianzia huko kwenye utumishi wa ikulu, akaja kuwa Katikkiro, waziri mkuu, na akashika cheo hicho hadi 1926. Ngazi ya kweli kabisa. Lakini angalia imeegemea wapi: kwenye mapenzi ya mtu mmoja. Mtumishi aliyeweza kuinuliwa kwa neno moja aliweza kuuawa kwa neno moja, na wapo waliouawa.

Misri walikuwa na ngazi ya ajabu zaidi. Wamamluki walikuwa wavulana walionunuliwa sokoni kama watumwa, wengi wakitoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na baadaye milima ya Kaukazi, wakafunzwa farasi na upinde, wakaachwa huru na kuwa askari. Tangu 1250 hadi 1517 watu wa asili hiyo ndio waliotawala. Baybars, aliyewahi kuuzwa kama mtumwa, alikuwa sultani kuanzia 1260 hadi 1277. Sasa sikiliza sharti lake: mtoto wa mamluki, kwa kuwa alizaliwa huru na Mwislamu, kwa kawaida hakuhesabiwa mamluki, na vyeo vikubwa vya jeshi havikuwa vyake. Walinunua wavulana wengine. Wapo watoto wa masultani waliokalishwa kwenye kiti, lakini desturi ilikuwa dhidi yao. Yaani baba anapanda mpaka juu, na ngazi inavutwa chini ya miguu ya mwanawe. Mwanangu, sharti kama hilo ukiliweka Gumbwe unapata riwaya mbili.

Lakini mfano ningependa ukae nao zaidi ni wa Siti binti Saad, kwa sababu unahusu kinachotokea baada ya mtu kufika.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu, akivibeba kwa miguu kuvipeleka mjini, akinadi kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla hajafika. Mwaka 1911 akahamia mjini. Akafundishwa muziki na Kiarabu, akaimba mbele ya wakubwa, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri ambazo zilisambaa pwani nzima. Akapata jina jipya, Siti, jina la bibi mwenye heshima.

Unadhani mjini walimpokea kwa furaha? Wapo waliomtungia wimbo wa kumkejeli, wakimuuliza amekuwa mtu tangu lini, wakimkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki, na kwamba bila ile sauti asingekuwa na cha kula. Akawajibu kwa wimbo vilevile, kwamba sura na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Angalia vizuri ni nini kilichowakera. Kuimba kwake walikukubali. Walichokataa ni kwamba sasa naye ni mtu, anakaribishwa barazani, anavaa anachotaka.

Na nguo haikuwa jambo dogo. Unguja ya zamani mtumwa alitambulika kwa macho: merikani isiyotiwa rangi au kaniki, hana viatu, kichwa wazi mbele ya mabwana. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa. Isomeke hivyo, kwa sababu amri haikumfungua mtu yeyote asubuhi ile: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akadai uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Ila wanawake wa Unguja hawakungoja karatasi ziwavishe. Waliacha merikani tupu, wakavaa kanga za rangi, wakajifunika vichwa, wakaja kuvaa buibui. Walijua kwamba anayekutazama njiani hasomi cheti chako, anasoma nguo.

Ndiyo maana nimeipenda sana ile nguo ya buluu uliyoiweka. Lakini umeipoteza kwenye sherehe. Tatu anavishwa joho mbele ya watu wote na kila mtu anashangilia. Ungeipa kazi. Mwache aivae siku ya kwanza akiwa peke yake, sokoni, kabla hajaruhusiwa na yeyote. Nani atamwona kwanza? Ningependa awe Mfinyanzi. Kwa maoni yangu watu wa katikati ndio mabawabu wakali kuliko wote. Mwanamvua wa kileleni anaweza hata asigundue, yuko mbali. Mfinyanzi ana tanuri moja, duka moja, na heshima moja ya kwamba yeye si Mchota. Akipanda Mchota, yeye amebaki juu ya nani? Umewapa Wafinyanzi kurasa chache mno, na kwao ndiko kuliko na hofu, na watu wenye hofu huleta visa.

Nikutahadharishe na kitu kimoja. Katika rasimu yako matabaka matatu yamesimama tuli tangu dunia iumbwe, na hakuna nchi ilivyo hivyo. Rwanda ya zamani mstari kati ya Mhutu na Mtutsi ulikuwepo na ulikuwa na ukandamizaji wake, lakini familia iliyopata ng'ombe wengi na ulezi wa wakubwa iliweza, polepole, kuhama upande. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakawaandikia watu kabila kwenye vitambulisho, mtoto akarithi la baba yake, na kilichokuwa kinahama kikagandishwa kwenye karatasi. Mwaka 1994 vitambulisho vilevile vilitazamwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani auawe. Sikuambii uyaingize mauaji hayo kwenye riwaya yako. Nakuambia ujiulize ni lini Gumbwe ilianza kuandika nani ni nani, nani alishika kalamu, na nini kilikuwepo kabla. Labda zamani Wachota na Wanamvua walichota zamu kwa zamu. Bibi yake Tatu anaweza kuwa na siri hiyo badala ya siri ya damu. Siri hiyo ni nzito zaidi, maana haimhusu Tatu peke yake.

Ukaniuliza kama Tatu abaki Mchota. Ipo njia ya tatu ambayo hukuigusa kabisa. Watu wa kileleni wanasema wanaita mvua, lakini maji wanayokunywa kila siku yanatoka bondeni, vichwani mwa Wachota. Ikitokea asubuhi ndoo hazikupanda? Mombasa, Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi waliacha kazi kwa pamoja kwa karibu wiki mbili: makuli wa bandarini, watu wa reli, wa hotelini, hata watumishi wa majumbani. Mji ulisimama, na wenye nyumba wakajipikia. Sidhani kuna mtu aliyekuwepo kule aliyeendelea kuamini kwamba wale hawahesabiki. Kwa hiyo Tatu anaweza kujua wimbo, akafunguliwa lango kuu yeye peke yake, na siku hiyohiyo bondeni watu wameamua kutopandisha maji. Aingie au arudi chini? Akiingia, atakunywa maji aliyoyaleta nani? Hilo ni swali linaloweza kubeba sura zako tano za mwisho bila msaada wa damu ya mtu yeyote.

Na akiamua kuingia, usimwonee haya. Mtu kutaka kutoka bondeni si dhambi, na mimi sipendi hadithi zinazomwadhibu maskini kwa kutaka maisha mazuri. Onyesha tu gharama yake. Bibi yake anakuja kumtembelea: anapita lango lipi? Wakikutana njiani Tatu akiwa na wenzake wapya, bibi anatua ndoo na kugeukia ukutani kwa mazoea, au hageuki? Na Tatu atasemaje mbele ya wale wenzake? Ukurasa huo uandike taratibu, usiurukie. Msamaha wa jumla uliouweka mwishoni uondoe. Aliyegeuzwa ukutani miaka kumi na sita hawasamehi wote kwa siku moja, na hao wote hawajaomba.

Sasa mama yako.

Kile kikombe ni chake, mwanangu, kabla hakijawa chako. Aliponyamaza juu yake alikuwa na sababu zake: kazi anaihitaji, na mwanamke anayelisha watoto kwa kazi ya ndani ana haki ya kuchagua ni lipi alibebe hadi nyumbani na ni lipi aliache kulekule. Lakini nawe ulikuwepo jikoni, ulikiona kwa macho yako, na ulichokiona ukiwa mtoto huwezi kuambiwa hukukiona. Nchi ya kubuni inakusaidia hapa. Gumbwe hakuna mwajiri wa mama yako, hakuna mtaa wake, hakuna anayeweza kunyoosha kidole. Kikombe kinaweza kuwa kata ya kuchotea maji, inayotundikwa msumarini nje ya ukuta wa ua, ya Wachota pekee. Usieleze kwa nini imetundikwa nje. Hata kwenu hakuna aliyeeleza, na ndiyo maana hujaisahau.

Ukishaiandika sura hiyo, usimwambie mama kwamba unaandika juu yake. Mwambie unaandika juu ya watu wanaopandisha maji, kisha msomee kwa sauti, jioni, akiwa amepumzika. Lile atakalosema lisiandikwe, lifute usibishane naye. Na akikuambia kwamba mtu aliyebeba ndoo ya maji tangu bondeni hawezi kuitua haraka hivyo kila mkubwa anapopita, mwambie akuonyeshe inavyotuliwa, halafu rekebisha.

Shangazi